Tambuu ya Bi Sharifa

Juzi, harusini Mtambile, nilipitishiwa sinia la uraibu: majani ya tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Harufu ya tumbaku ikanirudisha barazani kwa bibi yangu, Bi Sharifa, alasiri moja tukichambua karafuu.

Bibi alikuwa na kidonda cheupe ndani ya shavu. Kazi ya kumfungia tambuu ilikuwa yangu, na kwa akili za miaka minane nilishaamua kuwa mkosaji ni chokaa, maana iliwahi kunichoma ulimi. Siku hiyo sikuitia kabisa, tumbaku nikaizidisha.

Bibi akatafuna, akatema koponi, akachungulia. "We mtoto, mbona leo haikolei wekundu?"

"Nimekutolea chokaa, bibi, yakuchoma. Nimekuzidishia tumbaku."

Akajipapasa shavu. "Ewallah! Kidonda kimekufa ganzi. Wewe ndiye daktari wangu."

Nikavimba kichwa. Nikamzidishia kila siku, hata kinywa kikawa hakifunguki, akawa wa kunyweshwa uji, na mwisho uji nao ukamshinda.

Tumbaku huleta saratani ya kinywa. Hilo nilikuja kulisoma ukubwani. Leo nina shahada mbili ukutani, lakini aliyewahi kuniita daktari ni yeye peke yake.