Nondo wa Sweta la Baba

Kazi yangu ni wadudu waharibifu wa mazao, na diploma ninayo, kwa hiyo aibu hii ni yangu mwenyewe.

Tuliporudi kwetu Quiterajo, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, baada ya kuishi ukimbizini kwa watu, mama alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu ya mtama aliyoachiwa na mama yake. Nyingine haikuwepo. Zamani kibuyu kilikaa darini juu ya moshi wa jiko. Sasa tunapikia uani, na mama, akiogopa unyevu wa baharini, alikiviringisha katika sweta la sufu la marehemu baba, alilonunua enzi za kazi yake kwenye baridi ya nyanda za juu za Mueda.

Mvua zilipokaribia nilifungua kifurushi, wakatoka nondo wadogo wenye rangi ya majani makavu. Niliwajua nondo wa nafaka, ukoo wa Gelechiidae: wadogo vilevile, wamefifia vilevile.

"Mama, mbegu imekwisha. Tuwamwagie kuku."

Nilishakibeba kibuyu, kuku wenyewe wameshanizunguka.

"Ngoja kwanza, doutora wangu," mama akasema, akiniita daktari kwa Kireno kunitania. "Punje iliyotobolewa umeiona?"

Sikuwa nimeiona, kwa sababu sikuwa nimetazama. Mama akamimina mtama kwenye ungo, akapitisha vidole taratibu. Nondo wa nafaka hukulia ndani ya punje na kuacha tundu anapotoka. Hapa hapakuwa na tundu hata moja. Ndipo nilipokumbuka kioo changu cha kukuzia. Nondo niliyemshika alikuwa na nywele timtim kichwani, na wenzake hawakuruka, walikimbia kwa miguu kujificha kwenye mikunjo. Ukoo wa Tineidae, ambao mabuu yao hula sufu na manyoya. Somo la mwaka wa kwanza, jamani!

Mama akalikunjua sweta. Mkono mmoja ulikuwa umeliwa wote. Nikaanza kumpa pole, kumbe anacheka huku machozi yanamtoka.

"Baba yako hakuwahi kula peke yake," akasema. "Waache wale."

Tulipanda wiki ileile. Naandika haya nikiwa nimeshiba ugali wa mtama ule, na namshukuru mama kwa swali lake moja. Bila hilo ningewalisha kuku urithi wa bibi. Mbegu ya msimu ujao ameshaifunga, ndani ya kilichobaki cha sweta. Nami mtaalamu sikumkataza.