Mafuriko ya Kwanza ya Turbini

Quirze Vilardaga alililea gurudumu la maji la kiwanda miaka ishirini na sita. Kila alfajiri alilipaka mafuta ya nguruwe, kila jioni alilitukana. Na lilistahili, maana mashine tisini za kufuma zililitegemea, na kila vuli, mto Llobregat ukifurika, maji yalijaa chini yake, yakalikaba, likagoma kama punda. Mwaka ule wa mwisho liligoma siku kumi na moja. Wafumaji walikaa bila kazi, na kijiji kizima cha kiwanda kikala viazi vitupu.

Ndipo akaja fundi wa Barcelona na habari za turbini, mashine ya chuma inayozungushwa na maji. Quirze alimganda kama kupe. Ikizama je? Inazunguka, fundi akasema, hata ikifunikwa na maji kabisa. Basi hapo mzee wa watu akapagawa! Kesho yake alikuwa mbele ya mwenye kiwanda, Bwana Ponsatí, kofia mkononi, akiomba turbini inunuliwe.

"Ikisimama kwenye mafuriko," Bwana Ponsatí akamwambia, "kazi huna, na nyumba utanirudishia."

"Nitarudisha."

Nyumbani, mkewe Filomena aliacha kumenya vitunguu, akamtazama.

"Yaani umeweka rehani nyumba isiyo yako, na mke asiye na habari."

"Itazunguka, mke wangu."

"Haya. Tutaona itazunguka yenyewe au tutazunguka sisi barabarani."

Turbini ilifika kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa chuma cha kukumbatia kwa mikono miwili, basi. Wafumaji walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Hii ndiyo ya kuvuta mashine tisini?" akauliza Madrona, mfumaji mkongwe kuliko wote, mwanamke mwenye ulimi kama wembe. "Mbona mimi nina sufuria kubwa kuliko hii."

Tangu siku hiyo ikawa, "Mzee Quirze, supu imeiva?" Naye, masikini, badala ya kununa alisimama kuwaeleza: maji hayaangukii juu, yanaingia pembeni, yanasukuma mapanga, yanatokea chini. Hakuna aliyesikiliza. Kiangazi chote turbini ilifanya kazi bila kelele, lakini nani atasifu mashine wakati wa kiangazi?

Oktoba mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Mto ukaja mwekundu, umebeba miti mizima mizima. Asubuhi ya nne Quirze alilazimika kufunga lango la maji ili atoe matawi yaliyoziba wavu. Alipomaliza, maji yalikuwa yamekwisha kuifunika turbini. Kilichoonekana ni mhimili wake tu, chuma kilichosimama wima katikati ya tope. Habari zikaja kwamba viwanda vyote vilivyo chini zaidi mtoni vimesimama. Bwana Ponsatí akashuka na buti zake kutazama. Filomena alikuwa ameshafunga vyombo, si kwa hasira, kwa tahadhari tu.

Quirze akashika usukani wa lango, akazungusha. Mhimili kimya. Akaongeza. Kimya. Kwa mara ya kwanza akaogopa kweli: huenda fundi alimdanganya, huenda yeye ni mjinga aliyemtoa mkewe nyumbani kwa ajili ya kipande cha chuma. Akafungua lango lote, mpaka mwisho.

Mhimili ukatikisika. Ukageuka kidogo, ukasita, ukageuka tena, halafu ukashika kasi, na maji juu yake yakaanza kuchemka. Huko ghorofani mikanda ikapiga makofi, mashine ya kwanza ikalia, ya pili, kisha zote kwa pamoja, na jengo likanguruma. Jamani, Quirze alilia! Alilia waziwazi mbele ya tajiri wake, kamasi na yote. Bwana Ponsatí alisema neno, lakini halikusikika.

Ngazi zikalia kwa viatu vya mbao. Madrona alishuka mbio, jasho linamtoka, nyuzi zilizokatika zimemjaa mkononi, akamsogelea mpaka sikioni.

"Mzee Quirze, punguza maji. Mashine zinakwenda mbio mno, hatuziwezi."

Quirze alikuwa amesikia vizuri sana. Akamwomba arudie.