Kifupi Mbele, Kirefu Nyuma

Kwa miaka thelathini na ushee mtaa mzima ulimwita Fundi Kaza, kwa sababu hakuna gari lililotoka uani kwake kabla hajarudia kila nati. Kisha asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, kiharusi kikampiga. Ulimi ulirudi baada ya wiki tatu. Mkono wa kulia ukagoma kabisa. Akawa mtu wa kukaa barazani. Uani akawa hakanyagi.

Mkewe, Mama kwa kila mtu mtaani, alikuwa fundi cherehani. Kila Jumatatu alipakia sare za shule kwenye pikapu yao kuukuu na kuzipeleka madukani. Jumatatu moja, kwenye mteremko wa soko, alikanyaga breki, mguu ukazama hadi karibu na sakafu, gari likasimama pua ikichungulia mtaroni. Alirudi nyumbani kwa gia ya kwanza.

"Fundi," alisema, maana alimwita hivyo tangu uchumba wao, "breki za nyuma hazipo."

"Lipeleke kwa mtu."

"Mtu gani? Si wewe unayesema wote wanabahatisha? Nitafungua mimi. Wewe kaa hapo useme."

"Mke wangu, hiyo si sketi."

"Nitajua nikishafungua."

Basi Kaza akasema, na mkewe akafanya. Magogo kwenye magurudumu ya mbele, ili gari lisitambae. Nati zilegezwe kabla ya kupiga jeki. Stendi chini ya ekseli, kwa kuwa jeki si ya kuaminiwa. Breki ya mkono iachiwe. Gurudumu likatoka vizuri, lakini dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ikang'ang'ania.

"Nyuma yake kuna kitundu," Kaza alipaza sauti kutoka barazani. "Ingiza bisibisi, utakuta kigurudumu cha meno. Kilegeze. Halafu gonga dramu kwa kuizunguka. Taratibu, huui nyoka!"

Ikachomoka na wingu la vumbi jeusi. Mama akavuta pumzi apulize.

"Usipulize! Vumbi hilo ni baya kifuani. Futa kwa kitambaa kibichi."

Ndani, bitana zinazokaba dramu zilikuwa zimelika, nyembamba kama kucha. Kabla hajagusa springi hata moja, alichukua kipande cha boksi na chaki yake ya kukatia nguo, akachora kila kitu kilipokaa, na kila alichotoa akakilaza juu ya mchoro. Bitana mpya, kipande kirefu na kifupi kwa kila gurudumu, zilikuwa rafuni, Kaza alizinunua kabla hajaugua.

"Kirefu mbele, kifupi nyuma," alielekeza.

Mama akatazama mchoro wake. "Fundi, mbele nimetoa kifupi."

"Nilianza kufunga breki hizo kabla hatujaoana."

"Najua."

"Basi weka nilivyosema."

Kutoka barazani Kaza asingeona kitu. Mama angeweza kuitikia na kufunga anavyojua mwenyewe, kama alivyozoea miezi yote tangu kiharusi: Kaza akisema shati limekaa sawa, anaitikia, kisha anamfungua vifungo alivyovikosea na kumfunga upya. Safari hii alishindwa kujifanya. Alifuta mikono, akasema, "Njoo uone."

Kaza alijiinua kitini. Kisha akashika fimbo, akashuka ngazi, akavuka uani mguu ukiburuta. Aliinama juu ya boksi, akapapasa bitana moja moja kwa mkono wa kushoto.

"Kifupi mbele," alisema hatimaye. "Kichwa changu kimegeuza."

"Mimi nimeshashona mikono ya mashati kinyume mara ngapi, na kiharusi sina? Haya, springi hii inaingiaje?"

Kaza akaangua kicheko, hadi ikabidi ashikilie gari. Hakurudi barazani. Dramu ilipokuwa mahali pake na gurudumu limefungwa, aliketi juu ya debe akalizungusha kwa mkono mzima, sikio karibu na tairi, huku mkewe akisogeza kigurudumu cha meno kwa bisibisi.

"Bado. Bado. Hapo inakaba. Rudisha meno mawili… moja tena. Unasikia? Bitana inapapasa tu."

Upande wa pili ulichukua nusu ya muda.

Jioni waliteremka kwenye mteremko ule ule, Kaza akiwa kiti cha abiria. Mama akakanyaga. Pedali ilikuwa juu na ngumu, gari likasimama limenyooka.

"Imeshika," Kaza alisema. Akafikiri kidogo. "Panda, tushuke tena."

Walishuka mara nne, hadi muuza viatu wa kando ya barabara akauliza wamepoteza nini.

Mkono haukupona. Lakini kila Jumamosi cherehani ilifunikwa, na magari ya majirani yakaanza kuja uani. Siku ambazo mbele na nyuma vilimchanganya, Kaza hakuona aibu kusema, "Mama, chora kwanza."