Walivyonicheka "Mwari" mpaka nikapigania jina hilo liwe trademark yangu

Wakuu, assalaam alaykum, na wa salamu nyengine nawasalimu pia.

Leo nina jambo la kujisifu. Nyumbani wamechoka kulisikia, ndiyo maana nimelileta kwenu. Ni kweli tupu, sijaongeza chumvi. Chumvi yote niliitia kwenye achari.

Mimi ni mtu wa Wete, na ni mtu wa ndani. Nasema ndani hasa. Nilipomaliza Form Four nilipelekwa Unguja kwa mjomba nikatafute maisha. Nikakaa wiki mbili, nikakikumbuka kitanda changu, nikarudi. Nikasema maisha kama yananitaka, nyumbani yanapajua.

Basi nikaanza kutengeneza achari ya mbirimbi, yale matunda yetu machachu, jikoni kwa mke wangu, Zuhura. Yeye ndiye aliyenifundisha, halafu akaniachia sufuria alipoona nimemshinda. (Anabisha, lakini uzi ni wangu.)

Sasa mtaani kwetu kuna mabaraza mawili yanatazamana, njia katikati. Tangu mambo ya vyama vingi yaingie, baraza la kulia ni la chama kile, la kushoto ni la chama hiki.

Wa huku hawanywi kahawa ya kule. Kuna wakati hata mazishini walisimama mbali mbali. Wanaoijua Pemba wananielewa, wengine niaminini tu.

Jambo moja tu waliafikiana: kunicheka mimi.

Mwanamme mzima, kutwa jikoni na mwiko! Wakanipa jina, Mwari. Kwetu mwari ni msichana anayewekwa ndani akingoja harusi yake, hata jua halimuoni.

Nikitoa pua tu mlangoni, Mzee Faki wa baraza la kulia anapiga ukelele: "Jamani, mwari katoka! Nani kamfungulia?"

Na Mzee Kombo wa baraza la ng'ambo anamalizia: "Mrudisheni ndani yakhe, ataharibika rangi!"

Nilikuwa nalichukia jina lile. Tatizo wateja nao wakalidaka. Wachuuzi wa samaki wa Tumbe wakishamaliza biashara yao Wete, wanauliza: "Ile achari ya mwari inauzwa wapi?"

Mie nikaona aibu. Nikenda kusajili jina la biashara, la heshima, la Kiingereza, refu kama treni. Nikalibandika kwenye chupa. Hakuna mteja aliyelitaja hata siku moja, na nadhani wengi hawakuweza.

Zuhura akanambia: "Bwana, achari yako watu wanaijua kwa jina moja. Kaliandikishe hilo hilo kabla hajaliona mwengine."

Nikamwambia siwezi kusimama ofisini mbele za watu nikasema mimi ndiye mwari. Nitakwenda baada ya Ramadhani, nitatafuta jina jengine. Ikaja Ramadhani, ikaja Idi, ikaja mvua ya masika, ikaja Ramadhani nyengine. Mtu wa ndani hakosi sababu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Chake, akinunua achari kwangu kwa jumla. Akapunguza, halafu akaacha kabisa. Sikujiuliza.

Siku moja Zuhura karudi kutoka sokoni na chupa, kaiweka mbele yangu. Label ya rangi, inang'aa, msichana kajitanda kanga. Imeandikwa ACHARI YA MWARI, na chini yake jina la yule bwana wa Chake.

Nikaionja. Wakuu, siki tupu!

"Na watu wananunua wakijua ni yako," akasema Zuhura. "Kuna bibi kanisimamisha njiani, kanambia pole, naona mumeo siku hizi mkono umemharibika."

Hapo ndipo iliponiingia. Jina nililolikimbia miaka yote, nilipoliona kwenye chupa ya mtu mwengine, ndipo nilipojua kuwa ni langu. Na likipotea, hata achari iwe tamu vipi, nitaanza tena kama mtu asiyejulikana.

Kesho yake asubuhi nikatoka. Watu wa mabaraza yote mawili wakainuka, walidhani kuna msiba.

Nikapanda gari mpaka Chake, ofisi ya usajili. Afisa mwenyewe mwanamke, mstaarabu sana. Akanifungua macho: jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara, yaani trademark, ni kitu chengine. Kile cheti changu cha Kiingereza kilikuwa hakimzuii mtu yeyote kuuza achari ya mwari.

Akatazama kwenye kumbukumbu zake. Hakuna aliyelisajili! Yule bwana alikuwa kachapisha label tu, naye kachelewa kama mimi.

Nikaomba hapo hapo. Aliponiuliza neno ninalotaka, nikalitamka kwa sauti: "Mwari." Wawili kwenye foleni wakageuka. Nikawakazia macho mpaka wakageukia kwao.

Ila wakuu, ukishaomba, ombi lako linatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Yule bwana akajitokeza. Anadai jina kalianza yeye, na label zake hizi hapa.

Na mimi? Label zangu zote zina kile Kiingereza. Ushahidi wangu wa kuwa Mwari ulikuwa ni kuchekwa tu.

Tukaitwa sote wawili. Nikamuomba Mzee Faki, maana chama chake ndicho changu, anisindikize, akaja na baraza lake. Akasema bila kupepesa: "Bi mkubwa, jina hili tumempa sisi, kwa kumkebehi, tangu kichwani kwake bado mna nywele."

Yule bwana akacheka. "Hawa chama kimoja naye. Akisema jua linachomoza magharibi watamuitikia."

Na kwetu hoja hiyo ina uzito. Afisa naye akaacha kuandika.

Mara mlango ukagongwa. Mzee Kombo, na nyuma yake baraza zima la ng'ambo, majasho yanawatiririka. Mimi sikuwaita. Kumbe Zuhura kavuka njia akawaita yeye.

Mzee Kombo hakumtazama Mzee Faki. Akamsalimia afisa, akasema: "Mie na hawa hatujakubaliana jambo tangu vyama vije, na leo sikuja kukubaliana. Lakini huyu mwari ni wetu. Tumemcheka sote."

Afisa aliinamia meza kuficha kicheko. Yule bwana wa Chake akaanza kukusanya label zake. Na Mzee Faki, uso kaugeuzia dirishani, akajisogeza kwenye benchi mwenzake apate pa kukaa.

Pingamizi likatupwa. Cheti ninacho, nimekitundika sebuleni, na kila mgeni nampitisha hapo kwanza hata kama kaja kuuliza njia.

Sitawadanganya kwamba mabaraza yamepatana. Kahawa bado kila mtu kwao. Ila muhogo wa kuchoma pande zote mbili unaliwa kwa achari yangu, na nikitoka mlangoni wananicheka vile vile. Siku hizi naitika.

Somo langu kwenu: jina ambalo wateja wanakuita ndilo mali, hata kama linakuchoma. Lisajili mapema, usingoje biashara ikue, maana ikikua wanaoliona si wewe peke yako. Usijidanganye kwa cheti cha jina la biashara. Na mjue kwamba usajili wa Zanzibar unakulinda Zanzibar tu. Ukitaka kuvusha mzigo kwenda Tanga au Dar, kwa Bara unaomba upya. Mimi nimeshaomba.

Waliopitia haya wanisahihishe nilipokosea. Mwenye swali aulize. Na mwenye kejeli asione haya, alete tu: ikiwa nzuri naisajili.