King'ora cha Kufukuza Watu

Miaka kumi na minane sasa mlinzi wa geti la bwawa anapiga king'ora kile ili watu waondoke, na miaka kumi na minane watu wanakuja. Hilo ndilo linalomkera kuliko mshahara, mbu na paa linalovuja.

Bwawa lenyewe ni dogo. Halitoi umeme wala halinyweshi shamba la mtu. Kazi yake ni kuyashika maji ya mvua yasivamie nyumba za bondeni, kisha kuyaachia kidogo kidogo. Kanuni ameibandika mlangoni: piga king'ora mara tatu, subiri dakika kumi, fungua geti. Dakika kumi hizo ni za watu kutoka mtoni. Lakini geti likifunguka, samaki hutupwa chini ya ukuta wakiwa wamezubaa, ni kuokota tu. Basi king'ora kikilia, watu hukimbilia mabeseni. "Mzee King'ora kaita!"

Ameeleza mpaka koo likamkauka kwamba chini ya ukuta maji hujirudi. Ukiyatazama utadhani yanaenda zake, kumbe ya juu yanarudi ukutani, na boti ikinaswa pale haitoki, hata mpiga kasia awe na misuli ya namna gani. Humwitikia, "Sawa, mzee," halafu humuuliza atafungua tena lini.

Jumanne ile maji yalifika kwenye mstari mwekundu wa kufungulia geti saa nane mchana. Akapiga mara tatu. Watu wakajaa ukingoni, na boti moja ikaja mpaka chini ya ukuta. Ndani yake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Bila shaka suruali ya mteja fulani ilikuwa imeachwa na mguu mmoja.

"Shemeji, toka hapo!"

"Dakika kumi bado, shemeji!" fundi akajibu, huku akitandaza wavu.

Dakika kumi zikaisha, simu ikalia. Mkubwa wa ofisini alitaka kujua mbona geti halijafunguliwa.

"Kuna mtu chini."

"King'ora umepiga?"

"Nimepiga."

"Basi wewe umemaliza yako. Fungua."

Mlinzi akakata simu. Akachomoa mkono wa chuma wa kuzungushia geti, akauweka begani, akateremka ngazi zote sitini, akaingia kwenye boti na kukaa.

"Haya, tukae."

"Sasa geti atafungua nani?"

"Hakuna. Bila geti hakuna samaki, na mimi sifungui ukiwa humu. Maji yakipita juu ya ukuta, yataanza na cherehani yako kule bondeni."

Fundi akacheka, akanuna, akalalamika kwamba anaaibishwa mbele ya watu. Maji yalishaanza kuchuruzika juu ya ukuta, na fundi akichelewa kidogo tu wangezama wote wawili. Hatimaye fundi akasogeza boti ukingoni, akaifunga kwenye kisiki kwa hasira, fundo la ovyo ovyo.

Mlinzi alipopanda tena na kufungua geti, fundo likaachia. Boti ikaenda mbele kidogo, ikasita, kisha ikaanza kurudi ukutani yenyewe, bila mtu. Ikapinduka. Ikaibuka, ikapinduka tena. Fundi alihesabu mpaka mara saba, akaacha. Ukingoni hakuna aliyeinua beseni.

Mlinzi alifika nyumbani suruali imelowa mpaka magotini. Jikoni maji yalikuwa yakichemka, vitunguu vimeshakatwa.

"Nilivyosikia king'ora tu nikabandika sufuria," mkewe akasema kwa furaha. "Mdogo wangu kapata wangapi leo?"

Mlinzi akaitazama ile sufuria. Dunia nzima ameilaumu, kumbe hata jikoni kwake king'ora ni kengele ya chakula. Na samaki hao yeye mwenyewe amewala miaka yote, akalamba na vidole. Aliona aibu, na aibu ile ilimuudhi kuliko fundi na mkubwa wa ofisini pamoja.

Akaipua sufuria, akamwaga maji.

"Siku nyingine ukisikia king'ora," akasema, "usibandike kitu. Mpigie simu mdogo wako, muulize yuko wapi."