Tumbo la Mwongofu

Sabuni ya mwani niliyonunua sokoni Darajani ina harufu ya pwani ya Jambiani, na kila nikinawa nacheka peke yangu.

Baba yangu ni mchungaji, mtu wa bara, na wakati ule hakujua habari za bahari kupwa na kujaa. Alifundisha kwa ukali kwamba asiyezamishwa mwili mzima hajabatizwa. Asubuhi moja alitupeleka, mimi na waumini wake, Jambiani kumbatiza dereva mmoja mnene, tukakuta bahari imekwenda zake. Tulitembea mpaka tukachoka, na maji bado hayajafika magotini.

"Padri, maji yashakupwa," alisema Bi mmoja aliyekuwa akivuna mwani karibu yetu. "Ngoja alasiri."

Baba hakutaka waumini wamwone ameshindwa na maji. Akamlaza dereva chali. Kichwa kikazama, miguu ikazama, tumbo likabaki juu kama kisiwa. Baba akalikandamiza kwa mikono miwili, likarudi palepale.

"Baba, na tumbo je?" niliuliza. "Litabaki na dhambi?"

Waumini wakamtazama baba. Baba akalitazama tumbo.

Yule Bi akaweka mwani wake chini, akachota maji kwa ndoo yake, akayamwaga yote juu ya tumbo.

"Haya padri, lisharowa. Maliza, mwenzio kashainywa bahari yote."

"Amina!" wakaitikia waumini.

Siku hizi nabishana na baba juu ya karibu kila anachokiamini. Ubatizo ule tu ndio sijawahi kuutilia shaka.