Mboga za Watu na Mboga za Tracy

Gérard Mumba alifanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, sisi majirani zake hapa mtaani Katuba tulidhani atakaa mlangoni na redio yake kama wenzake. Kumbe alikwenda kununua jembe. Nyuma ya nyumba, kati ya kisima na ukuta, akapiga matuta sita ya lengalenga, yaani mchicha. Mbele, karibu na mlango, akapanda mawaridi. Vipandikizi aliletewa na binti yake Annie, ambaye anafanya usafi katika nyumba moja kule Golf, mtaa wa matajiri.

Mke wa mzee alikuwa amekwisha kufariki, na Annie hutoka alfajiri kwenda kazini. Kwa hiyo mtoto wa Annie, Tracy, alishinda na babu yake mchana kutwa. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Mzee alitoboa matundu kwa msumari chini ya mkebe wa nyanya, akaufunga uzi, na huo ukawa wa Tracy wa kumwagilia. Alimwagilia mawaridi, akamwagilia mboga, akamwagilia viatu vya babu yake na kuku aliyepita. Kila mche mpya uliotiwa udongoni aliufunika kwa jani na kuuambia ulale. Mzee hakumharakisha. Kazi ya saa moja iliwachukua asubuhi nzima, na ukipita nje ungesikia sauti zao mbili zikibishana juu ya konokono.

Mimi nilinunua mboga pale mara mbili kwa wiki. Haya mengine ninayoyasimulia aliniambia mwenyewe, amesimama kwenye kizingiti changu.

Mwaka jana, wakati wa baridi, viwavi walishambulia lengalenga. Majani yakawa matundu matupu, na mboga yenye matundu hainunuliwi. Mzee akapata chupa ya dawa ya wadudu kwa mchuuzi mmoja sokoni. Kifaransa anakisoma vizuri. Karatasi ya chupa ilisema mboga isikatwe mpaka siku kumi na nne zipite. Mara ya kwanza alingoja zote. Mara ya pili alingoja kumi. Kufika mwezi wa nane, alikuwa akipuliza Jumatano na kukata Jumamosi, maana sisi wanunuzi tulikuwa tunabisha mlangoni, na lengalenga likikaa sana linakomaa na kuwa gumu.

Lakini kando ya mawaridi alipiga tuta dogo, hatua tatu kwa mbili, ambalo hakulipuliza hata siku moja. Hilo lilikuwa la kula nyumbani. Na kwa kuwa Tracy alitia kila kitu mdomoni, alimfundisha. Alimshika mkono, akampeleka nyuma kwenye matuta sita.

“Hii njo ya bantu,” alimwambia, yaani ndiyo ya watu, ya kuuza. “Hapana kula. Iko na dawa. Tumbo itauma.”

Kisha akamrudisha mbele. “Na hii?”

“Ya Tracy!”

“Hii tunakula?”

“Tunakula!”

Walicheza hivyo kila siku, na mtoto akijibu sawasawa mzee alimpigia makofi.

Jumamosi moja alikuja Mama Rabia. Yeye ni mke wa Shafi, fundi cherehani, watu wa kutoka Maniema, nyumba yao inatazamana na ya mzee. Mkewe Mzee Gérard alipofariki, huyu Mama Rabia ndiye aliyepika siku zote za msiba, yeye Mwislamu akawalisha Wakatoliki uani mwao bila kuchoka. Siku hiyo alitaka mafungu mawili makubwa. Binti yake Yasmine, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amekuja kwao kupumzika, na hakutamani chakula kingine ila lengalenga la karanga.

Mzee akakata, akafunga, akampa. Tracy akaacha mkebe wake, akakimbia, akashika majani mkononi mwa Mama Rabia na kuyavuta.

“Hapana kula! Ya bantu! Iko na dawa!”

Mama Rabia akacheka. “Ya bantu gani, mama? Na miye siko muntu?”

“Tumbo itauma,” Tracy akasema, akimtazama babu yake, akingoja makofi.

Mama Rabia naye akamtazama mzee. Kicheko chake kikafifia polepole. “Papa Gérard, mutoto anasema nini?”

Mzee aliniambia kwamba maneno ya kweli yalikuwa mdomoni. Aliyasikia kabisa. Yaliyotoka ni mengine.

“Anacheza tu, Mama Rabia. Batoto ba siku hizi, unabajua.”

Akamfungulia mlango mwenyewe, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi, Tracy alikuwa bado amesimama palepale, mikono imening’inia. Hakuelewa kwa nini jibu alilofundishwa safari hii limekuwa kosa. “Tracy nasema mubaya?” akauliza. Mzee akainama kumbeba. Mtoto akageuza uso.

Mzee akaketi kwenye jiwe la kisima. Alijiambia kwamba dawa ni kidogo, kwamba maji ya kuoshea yataitoa, kwamba sokoni kuna mboga mbaya kuliko zake. Halafu akakumbuka tuta la mbele. Kama dawa ilikuwa kidogo, lile tuta alilipiga kwa sababu gani? Hapo, aliniambia, alihisi uso unawaka kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu, na uani hapakuwa na mtu ila yeye na mtoto.

Akambeba Tracy mgongoni, akavuka barabara kwenda kwa Mama Rabia. Mchana ulikuwa umekwisha kuingia. Aliwakuta mkekani, sufuria katikati, Yasmine anakula.

“Karibu, Papa Gérard,” akasema Shafi. “Umekuta chakula.”

“Muache kula,” akasema mzee. “Tafazali. Ile mboga nilipulizia dawa Jumatano. Mutoto hakucheza. Nilikudanganya, Mama Rabia.”

Yasmine akashusha tonge. Mama Rabia akavuta sufuria karibu yake, akaifunika.

“Na mwezi uliopita?” akauliza. “Yasmine alikuya hapa, akatapika siku mbili. Sisi tulisema ni mimba.”

“Sijui, mama.”

“Ilikuwa na dawa?”

“Ilikuwa nayo.”

“Na Tracy anakula nini kwenu?”

Hilo ndilo swali aliloliogopa tangu anavuka barabara. Akawaambia juu ya tuta la mbele. Shafi akasimama, akaingia ndani. Mama Rabia hakupiga kelele. “Rudisha mutoto kwenu,” akasema, “jua iko kali.”

Jioni hiyo mzee aling’oa mboga za matuta yote sita na kuzifukia. Siku iliyofuata, baada ya misa, akaanza kupita kwa wanunuzi wake mmoja mmoja, Tracy akimshika kidole. Nyumba yangu ilikuwa ya tano. Kofia aliishika mkononi, na hakutaka kuketi.

“Mama Chance, nimekuya kukuambia kintu kibaya nilikufanyia.”

Akaeleza yote, hata lile tuta dogo. Kulikuwa na mmoja kabla yangu aliyemtukana mbele ya watoto. Mimi nilitaka kumpunguzia uzito, nikasema, “Papa, bote banafanya vile. Hata sokoni.”

Akaniangalia kama niliyemtemea mate. “Miye sikukuya juu ya bote,” akasema, akaondoka. Mpaka leo naona aibu kwa maneno yale. Nami nina watoto waliokula zile mboga.

Annie alipojua hakusema na baba yake siku nne. Yeye mwenyewe alikuwa akiwapelekea wenzake wa kazini mafungu yale, akijisifu kwamba ni mikono ya baba yake.

Mzee aliendelea kulima, maana hajui kukaa. Sasa viwavi anawaokota kwa mkono asubuhi, yeye na Tracy, na kuwatia kwenye kopo. Majani yake yana matundu. Wanunuzi wawili watatu tumerudi. Akitukabidhi fungu, hatutazami usoni.

Yasmine alijifungua salama mtoto wa kike mwezi wa kumi. Annie alikwenda kumwona, akampelekea sabuni na kitenge. Mzee hakwenda. Alimwambia Annie hajui ataingiaje mlango ule.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mama Rabia alivuka barabara mwenyewe. Nilikuwa pale, nachagua mboga. Mzee akasimama haraka, jembe likamdondoka.

“Nikukatie, mama? Haina dawa. Nakuapia.”

“Hapana,” akasema Mama Rabia. “Unipe mbegu tu. Nitapanda kwangu.”

Mzee akaingia ndani, akakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akatoka na mbegu zimefungwa katika karatasi ya daftari. Akazitoa kwa mikono miwili. Mama Rabia akazipokea, akamuuliza zipandwe umbali gani. Mzee akamweleza, macho chini, kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa karibu sikuisikia vizuri. Mama Rabia akaagana na Tracy kwa kumgusa kichwa, akavuka kurudi kwake. Mzee akabaki amesimama na mikono yake yenye udongo, hajui aiweke wapi.